Siku fupi sio siku chache jamani

Juzi niko kitalu kimoja hapa Malindi natafuta miche ya nyanya, kijana anayeuza akanambia "chukua hii mamangu, ni ya siku fupi, miezi miwili na kitu washavuna". Nikanyamaza, nikalipa. Usiku wake nafungua simu nakuta vijana wanabishana bangi ya kulimwa ndani ya nyumba kule Kanada (huku kwetu hiyo ni kesi, msije mkasema sikuwaambia), mmoja kashikilia kwamba mmea wa siku fupi ni ule usiotaka jua jingi. Hapo nikashindwa.

Mmea wa siku fupi ni mmea unaotoa maua pale usiku unaporefuka kupita kiwango chake. Basi. Krisanthemumu, poinsetia yenye majani mekundu, na bangi ya kawaida zote ndio hizo. Ndio maana huko inakoruhusiwa wanawasha taa kama masaa 18 mche ukiwa bado unajaza majani na matawi, wakitaka maua wanashusha hadi 12 za mwanga na 12 za giza. Taa ni zile zile, ukali ule ule. Na iko aina ya bangi inayochanua kwa umri wake tu, hata uwashe taa vipi, sasa watu wanaiita hiyo nayo ya siku fupi kwa sababu inawahi, wakati ndio hasa isiyojali urefu wa siku!

Lakini lawama si zao peke yao, jina lenyewe lilizaliwa na kasoro. Mwaka 1920 Wamarekani wawili, Garner na Allard, waliandika habari za tumbaku moja iliyokuwa inarefuka kiangazi chote bila ua, wakawa wanaifungia gizani mapema ndipo ikachanua. Wakaona mchana umefupishwa, wakasema "siku fupi". Mwaka 1938 wengine wawili, Hamner na Bonner, wakajaribu kwa gugu linaitwa Xanthium: ukilikatizia mchana kwa giza kidogo halijali, ukilimulika dakika chache tu katikati ya usiku, maua hakuna. Kumbe mmea unahesabu giza, tena lisilokatika. Jina lilikuwa lishazoeleka, likabaki.

Sasa sisi tukalichukua hivyo hivyo tukaliharibu mara ya pili, maana kwa Kiswahili siku sio mchana. Siku ni masaa 24, utaifupishaje? Kinachofupika ni mchana. Na ukiliangalia neno vizuri, siku na usiku ni shina moja, Wazulu nao wana usuku kwa siku na ubusuku kwa usiku, yaani wazee wa lugha hizi siku walikuwa wanaihesabu kwa usiku wake. Hata leo muulize bibi yeyote wa Pwani usiku wa Ijumaa ni upi, atakwambia ni huu wa kuamkia Ijumaa, Magharibi ya Alhamisi ikishaadhiniwa tushaingia. Giza kwanza. Hao wa 1938 wangekuja kukaa barazani na sisi wangepunguziwa kazi.

Labda pia hatujali kwa sababu hapa Malindi mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka hazipishani hata nusu saa, nani ataona? Mimi nasemaga "mmea wa usiku mrefu" na naeleweka.

Na wewe mwanangu wa kitaluni, ulichotaka kusema ni "ya kukomaa mapema", sema hivyo na nitanunua tu. Nyanya haina habari na usiku una masaa mangapi.