Kuvuta kamba hakuui uzalishaji

Watu wengi bado wanaamini ukimruhusu mfanyakazi wa chini asimamishe kazi akiona tatizo basi kiwanda kitakuwa kinasimama kila saa, jamani si kweli kabisa. Chukua Toyota, kwenye laini ya kuunga magari kuna kamba ya andoni, yaani ya kuita msaada (siku hizi sehemu nyingine ni kitufe), fundi akiona bolti haijakazwa vizuri anaivuta, taa inawaka na kiongozi wa timu anakuja hapo hapo, na laini bado inatembea! Wakilimaliza tatizo kabla gari halijafika mwisho wa kituo chake kazi inaendelea, wakishindwa ndo laini inasimama. Mara nyingi haisimami.

Na msiseme ni tabia ya Wajapani tu, mwaka 1984 Toyota na General Motors (GM) ya Marekani walianzisha kampuni ya pamoja ya kuunda magari, NUMMI, huko Fremont, California, kwenye kiwanda ambacho GM ilikifunga 1982, wafanyakazi wengi walikuwa walewale wa zamani, walewale waliosemwa hawafai, wakapewa kamba na ubora ukapanda sana.

Ila kamba peke yake haitoshi, bosi akija anafoka "nani kavuta?" basi kesho hakuna atakayevuta, na ile bolti itaenda kulegea mikononi mwa mteja.