Kisanduku cha barua cha mafichoni ni nini?

Ni kopo dogo lisilopitisha maji ambalo mtu hulificha nje, kwenye njia ya watembea kwa miguu, kisha akatoa maelezo ya kumfikisha mwingine hapo. Ndani mna muhuri wa mpira, mara nyingi umechongwa kwa mkono, pamoja na daftari. Anayelitafuta naye huja na muhuri wake na daftari lake. Akilipata, anagonga wake kwenye daftari la kopo, anagonga wa kopo kwenye lake, anafunga vizuri na kulirudisha palepale. Hachukui kitu.

Mchezo huu ulianzia Dartmoor, Uingereza, mwaka 1854, pale James Perrott, kiongozi wa wageni kutoka Chagford, alipoacha chupa mahali paitwapo Cranmere Pool ili waliofika watie kadi zao za majina. Marekani ulishika kasi baada ya jarida la Smithsonian kuuandika mwaka 1998.

Huko Marekani, sioni mahali panapoufaa kuliko Njia ya Oregon, kilomita zipatazo 3,500 kutoka Missouri, iliyopitwa na wahamiaji wenye magari ya maksai katika karne ya 19. Wenyewe waliachiana habari njiani. Waliandika kwenye mafuvu ya nyati ili waliokuwa nyuma wasome, na pale Independence Rock, Wyoming, majina waliyochonga mwambani yanasomeka hadi leo.

Maelezo yanaweza kuwa hivi: "Kutoka kwenye bango la kumbukumbu, fuata mwelekeo wa nyuzi 120, hatua 40, hadi msonobari wenye mashina mawili, tazama nyuma ya jiwe bapa." Yanaonekana mepesi, lakini kwanza ujue aliyeficha anahesabu hatua za urefu gani. Halafu kuna dira: huko Oregon, kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani zinapishana kwa nyuzi 14 hivi. Ukitumia moja badala ya nyingine, baada ya hatua 40 utakuwa umeikosa shabaha kwa hatua 10 hivi, na utapekua mawe yasiyohusika.

Jambo moja nalisisitiza: usichimbe. Karibu na Guernsey, Wyoming, magurudumu ya wahamiaji yaliacha mifereji mirefu kwenye jiwe la mchanga, na alama za namna hiyo zikiharibika hazirudi. Kopo hufichwa chini ya gogo au kati ya mawe yaliyolegea, mbali na alama zenyewe, na kwa ruhusa ya mwenye ardhi.