Uchachu wa togwa na hamira iliyopewa jeni ya ng'ombe

Kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni, Dodoma, huwa naweka mezani chupa mbili za togwa ya uwele, moja imepikwa asubuhi ile, nyingine ya juzi, nachovya kipimo cha pH, yaani cha uchachu, namba ikishuka ndo uchachu umezidi, watu wajionee, ile mpya inasoma karibu na 6 na ile ya juzi iko chini ya 4. Mama mmoja akaniambia mwanangu hiyo si imechacha tu, mashine ya nini? Kweli mama imechacha, ila uchachu huo ndo mali yenyewe! Ni asidi ya laktiki, wameitoa bakteria waliokula sukari ya uwele na kimea, na asidi hiyohiyo ikitengenezwa kwenye matangi makubwa ndo inazaa plastiki inayoitwa PLA, na hata aina za nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe mwilini.

Na wala si mambo mapya. Geuza chupa ya soda usome nyuma, utakuta asidi ya sitriki au E330. Zamani ilikamuliwa kwenye malimau ya Italia, mpaka 1917 mkemia James Currie wa Marekani akaonyesha kwamba ukungu mweusi, Aspergillus niger, ukipewa sukari unaitoa kwa wingi, na 1919 Pfizer wakaanza kuizalisha kiwandani. Ukungu wenyewe unaujua, ni ule kama masizi kwenye maganda ya vitunguu vya Singida vikihifadhiwa vibaya.

Sasa shida ya bakteria wa togwa ni kwamba asidi yao inawageuka. Ikizidi inapenya ndani ya seli, wanatumia nguvu zote kuitoa nje, mwisho wanakwama. Kiwandani wanawaokoa kwa kumwaga chokaa tangini ili kupunguza ukali, halafu kuipata tena ile asidi inabidi waweke asidi ya salfuriki, na hapo inabaki jasi, kama tani moja ya jasi kwa kila tani ya asidi ya laktiki. Jasi tunayo ya kuchimba Itigi, nani anataka mlima mwingine?

Hamira yenyewe inavumilia uchachu vizuri zaidi, ila ikishakula sukari inatoa pombe. Wanaotengeneza mvinyo wa zabibu hapa Dodoma wanayajua yale mapovu, ni hewa ukaa, yaani gramu 100 za glukosi hazizidi gramu 51 za pombe, nyingine inapotea hewani. Asidi ya laktiki haina upotevu huo, kwa hesabu gramu 100 zinaweza kukupa gramu 100.

Ndani ya seli sukari inavunjwa mpaka inafika kwenye kitu kinaitwa piruveti, na hapo ni njia panda, barabara moja inaenda kwenye pombe nyingine kwenye kujenga mwili wa seli. Wataalamu wanazima zile jeni tatu za barabara ya pombe, halafu wanaipa hamira jeni ya kugeuza piruveti kuwa asidi ya laktiki, na wapo walioichukua kwa ng'ombe, ndiyo, ng'ombe, maana misuli yake ikikimbia sana inatengeneza asidi hiyo. Lakini ukiifunga ile barabara kabisa hamira inadumaa, inakosa kijenzi kidogo cha kaboni mbili inachohitaji kutengeneza mafuta yake, mpaka uidondoshee asidi ya siki kidogo. Ndo maana kazi hii inakula miaka!

Na hapa nasema wazi, sikubali hamira hii tuilishe unga wa uwele wakati huku Kanda ya Kati mvua ikikata watu wanahangaikia ugali. Kuna mashudu ya zabibu nimeyaona yamerundikwa yanaoza na sukari yake, tuanzie hapo. Mabua ya mtama nayo yapo, ila sukari yake imefungwa ngumu na sehemu yake ni zailosi, ambayo hamira ya kawaida haili mpaka nayo iongezewe jeni.

Yule mama aliuliza pia, je hiyo hamira ya ng'ombe ikidondokea kwenye togwa yangu? Swali la maana sana. Tangi linafungwa muda wote, kinachouzwa ni asidi iliyosafishwa, na kazi ikiisha hatumwagi kitu kikiwa hai, maabara kila chupa inapigwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 20 ndo inaoshwa.