Jukwaa la Kamirithu halikuwa la profesa peke yake

Wengi husimulia kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi na profesa wa Kenya, aliandika mchezo wa kuigiza, wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, wakapewa maneno ya kukariri. Sivyo, na simulizi hiyo inawapokonya haki yao watu waliotoka jasho.

Kweli, rasimu ya mchezo huo wa Kigĩkũyũ, *Ngaahika Ndeenda* (Nitaolewa Nikipenda), aliiandika yeye pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na mwongozaji, Kĩmani Gecaũ, alitoka chuo kikuu. Lakini waigizaji walikuwa wakulima na vibarua, na mazoezi yalifanyika hadharani. Yeyote aliweza kusimama akasema: mzee hazungumzi hivyo! Maneno yakabadilishwa. Sehemu ya gĩtiiro, nyimbo za kujibizana za harusi, ilitokana na bibi kizee asiyejua kusoma, aliyewafundisha neno kwa neno. Hapo nani mwandishi?

Hata jengo lilikuwa lao: vijana walipanga njiti za kiberiti chini kuchora ramani ya jukwaa, kisha wanakijiji wakajenga ukumbi wa wazi wa watazamaji zaidi ya 2,000.

Mchezo ulianza Oktoba 1977. Novemba serikali ikafuta kibali. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini karibu mwaka mzima. Kikundi hakikufa: kilirudi na mchezo mwingine, ukazuiwa, na Machi 1982 polisi wakaubomoa ukumbi.