Makhan Singh, Fundi wa Chapa Aliyewaunganisha Wafanyakazi

Wanafunzi wanaozuru Ngome ya Lamu huelezwa kwamba jengo hilo lilikuwa gereza hadi mwaka 1984, na kwamba ng'ambo ya mkondo, kisiwani Manda, palikuwa na kambi ya vizuizi wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Tunapomtaja Pio Gama Pinto, mpigania uhuru wa Kenya mwenye asili ya Kihindi, aliyezuiliwa Manda kuanzia mwaka 1954, swali linalofuata mara nyingi ni hili: Mhindi aliingiaje katika harakati za kudai uhuru? Swali lenyewe halishangazi, kwa kuwa Mhindi aliyezoeleka hapa Amu, yaani Lamu, ni mwenye duka. Jibu lake tunalipata vizuri zaidi kwa mtu ambaye kizuizi chake hakikuwa Lamu bali kaskazini kabisa mwa Kenya, naye ni Makhan Singh.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, Punjab. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala, mmoja wa mafundi wengi wa Kipunjabi waliovuka bahari na ujuzi wao wa useremala, uashi na uhunzi. Alitangulia Kenya mwaka 1920, akafanya kazi katika reli, kisha akafungua kiwanda cha chapa Nairobi. Familia ilimfuata mwaka 1927. Kijana alipomaliza masomo aliingia kiwandani kwa baba yake, kama mwanagenzi wa Lamu anavyoingia karakana ya mzee wake kujifunza kuchonga milango.

Kazi ya chapa zama hizo ilikuwa ya kupanga herufi za madini ya risasi moja baada ya nyingine, zikiwa zimegeuzwa, mstari kwa mstari. Ufundi huo ulikuwa na faida ambayo seremala hakuwa nayo: mwenye mtambo hakulazimika kumwomba mhariri yeyote nafasi gazetini. Matangazo ya chama cha wafanyakazi alichokuja kukiongoza yalichapwa kwa lugha zaidi ya moja, Kiswahili kikiwemo, yakawafikia watu ambao waajiri wao walitarajia wasielewane.

Mwaka 1935 alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichoanza kama chama cha Wahindi peke yao. Chini yake chama kilifunguliwa kwa wafanyakazi wote bila kujali rangi, na hapa ndipo ulipo uzito wa maisha yake. Mishahara ya wakati huo ilipangwa kwa rangi ya mtu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Katika mpango wa namna hiyo, fundi wa Kihindi akigoma peke yake, mwajiri huweza kumtafuta mwingine wa malipo ya chini zaidi, na mgomo ukafa. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, tunakosea tunapomsifu kama Mhindi aliyewasaidia Waafrika. Alikuwa mfanyakazi aliyetambua kwamba haki yake mwenyewe haingepatikana huku ya mwenzake imekanyagwa. Mwaka 1937 chama hicho kiliendesha mgomo Nairobi uliodumu takriban miezi miwili, na mishahara ikaongezwa.

Mwishoni mwa mwaka 1939 alikwenda India, ambako serikali ya Waingereza ilimzuia kwa miaka kadhaa. Aliporejea Kenya mwezi Agosti 1947 serikali ilijaribu kumfukuza nchini, ikashindwa mahakamani. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai, kiongozi mwenzake wa wafanyakazi, waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais naye akiwa katibu mkuu. Serikali ilikataa kulisajili.

Kutoka madai ya mshahara hadi madai ya utawala palikuwa na hatua moja tu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, Makhan Singh alitoa hoja hadharani kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Wakati huo hata wanasiasa wakubwa walikuwa wakiomba viti zaidi katika baraza la kutunga sheria. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa siku kadhaa. Makhan Singh alipelekwa Lokitaung, baadaye Maralal na Dol Dol, asiachiliwe mpaka Oktoba 1961, baada ya miaka zaidi ya kumi na mmoja.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 hakupewa cheo serikalini. Alishika kalamu, akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, iliyochapishwa mwaka 1969, miaka minne kabla ya kufariki kwake tarehe 18 Mei 1973. Historia hiyo inakomea mwaka 1952, na katika miaka miwili ya mwisho inayosimuliwa humo, mwandishi wake alikuwa tayari kizuizini.