Kabla ya Kuifungua Bunduki, Okota Maganda

Bunduki nusu otomatiki inapokwama kwenye kiwanja cha shabaha, wengi hukimbilia kubadilisha springi. Mimi, kwa miaka yote niliyofanya kazi ya ufundi wa silaha hapa Dar es Salaam, huomba kwanza maganda ya risasi zilizofyatuliwa, yakiwa hayajasafishwa na yamepangwa kwa mfuatano yalivyotoka.

Ganda la shaba ya manjano, ambayo ni takribani asilimia 70 shaba nyekundu na asilimia 30 zinki, hutanuka baruti inapowaka na kubana kuta za chemba, yaani sehemu ya bunduki inamokaa risasi, ili gesi isirudi nyuma, kisha hunywea kidogo shinikizo linaposhuka, ndipo livutwe nje. Kinachoharibu mojawapo ya hatua hizo huacha alama.

Niliwahi kuletewa bunduki iliyokuwa ikiacha ganda ndani ya chemba kila baada ya risasi chache, na mwenyewe alikwisha kununua ukucha mpya wa kuvutia maganda. Chini ya kioo cha kukuzia, ukingo wa kitako cha ganda ulikuwa umenyofoka kipande chenye upana ule ule wa ukucha. Ukucha uliochoka huteleza na kuacha mkwaruzo tu. Huu ulishika barabara, ila ganda ndilo lililogoma kutoka. Ubavuni nilipapasa vipele vidogo vilivyoinuka, navyo vilikuwa nakala ya vishimo vya kutu ndani ya chemba. Fataki, yaani vijikofia vya kitakoni vinavyowasha baruti, za aina ya zamani zenye klorati ya potasiamu huacha chumvi inayovuta unyevu, na kwa hewa yetu ya pwani kutu haichelewi. Mafuta hayayeyushi chumvi hiyo. Huondolewa kwa maji, kisha chuma kikaushwe vizuri na kupakwa mafuta.

Alama ninayoiogopa zaidi ni mstari unaong'aa kulizunguka ganda, juu kidogo ya kitako. Ingiza waya mwembamba uliopindwa ncha, uukokote ukutani kwa ndani: ukinasa kwenye mfereji, ukuta umekonda na ganda linakaribia kukatika vipande viwili, ama kwa sababu chemba ni ndefu kupita kiasi, ama kwa sababu ganda limejazwa upya mara nyingi mno.

Shingo iliyopasuka kabla ya risasi kufyatuliwa ni habari ya ghalani. Jeshi la Uingereza nchini India lilipata nyufa hizo kwa risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi wakati wa mvua, na mwaka 1921 ndipo watafiti Moore, Beckinsale na Mallinson walipoeleza kwamba amonia hupasua shaba ya manjano yenye mkazo uliobaki ndani yake.

Fataki iliyobapa peke yake hainitoshi kusema shinikizo limezidi. Hufyatua risasi za kundi lile lile kwa bunduki nyingine iliyo nzima na ya kipimo kile kile, na za kundi jingine kwa bunduki yenye hitilafu, nione dosari inafuata risasi au inabaki na bunduki. Lakini mlio ukiwa hafifu, jaribio linakoma hapo hapo: bunduki ipakuliwe na kasiba, yaani mtutu, ikaguliwe, kwa maana kichwa cha risasi huenda kimekwama ndani, na risasi itakayofuata yaweza kuipasua.