Kupanga Ajira za Wahadhiri wa TEHAMA: Utafiti Uanze, Ratiba ya Vipindi Ifuate

Kila mwaka, vyuo vikuu vya umma vinapoandaa ikama (orodha ya nafasi za watumishi zinazohitajika) na bajeti ya mishahara kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1, wakuu wa idara huulizwa wanahitaji watumishi wangapi. Katika idara nyingi za TEHAMA jibu hutafutwa kwenye ratiba ya vipindi: somo la hifadhidata halina mwalimu, la mitandao limeangukia mtu ambaye tayari ana masomo manne, basi ziombwe nafasi mbili. Kwa upande wa ufundishaji hesabu hiyo haina ubaya, kwa kuwa wanafunzi wako darasani na hawawezi kusubiri. Utafiti, hata hivyo, haujengwi hivyo, na idara inayoajiri kwa namna hiyo pekee kwa miaka mingi huishia kuwa na wahadhiri wanane wa fani nane zisizokutana, kila mmoja akihangaika kumpata mwenzake wa kumsomea andiko la utafiti.

Kwa vyuo vya Nyanda za Juu Kusini jambo hili lina uzito wa pekee. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986, na vyuo vya Iringa kama vile Chuo Kikuu cha Iringa, vinawagombea watu wale wale wachache wenye shahada ya uzamivu wanaotakiwa pia Dar es Salaam, Dodoma na Arusha. Kushindana na vyuo vya miji hiyo kwa ukubwa wa jina ni kujichosha. Kinachoweza kumvuta mtafiti huku ni matatizo ya utafiti asiyoyapata kwingine kwa urahisi: kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, chai ya Rungwe na Mufindi, parachichi za Njombe, foleni za malori Tunduma, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Idara ichague maeneo mawili ya aina hiyo, kwa mfano utambuzi wa magonjwa ya mazao kwa picha na mifumo ya taarifa za mpakani, kisha iajiri watu watatu au wanne kwa kila eneo badala ya mmoja mmoja kila upande. Eneo la tatu, kwa maoni yangu, mara nyingi huongezwa ili mpango mkakati upendeze tu.

Muda ndio unaosahaulika zaidi. Nafasi ikishaingia kwenye ikama bado husubiri kibali cha ajira kutoka Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Hufuata tangazo, usaili, uhakiki wa vyeti na kuripoti kazini. Vyuo binafsi havisubiri kibali hicho, ila mishahara yao hutegemea sana ada, na ada hupanda na kushuka pamoja na idadi ya wanafunzi. Tuchukue idara yenye wanataaluma 12. Watatu wako likizo ya masomo, kwa hiyo walioko kazini kweli ni 9, ingawa karatasi inaonesha 12, na mmoja wa hao 9 atastaafu baada ya miaka miwili. Mkufunzi msaidizi mwenye shahada ya kwanza akiajiriwa leo atahitaji takriban miaka miwili ya uzamili na mitatu au zaidi ya uzamivu kabla ya kuongoza mradi wake mwenyewe. Nafasi ya anayestaafu, basi, haizibwi na mkufunzi msaidizi aliyeajiriwa mwaka huo huo. Ilipaswa kuanza kujazwa miaka mitano au sita kabla.

Tangazo nalo lina kazi yake. Likisema tu «Mhadhiri wa TEHAMA, nafasi moja», litaleta maombi ya kila aina, na kamati itamchukua mwenye wastani wa juu kuliko wote. Likisema anatakiwa mhadhiri wa uchakataji wa picha kwa kompyuta, mwenye machapisho katika eneo hilo, atakayefanya kazi na watafiti wa kilimo, waombaji watapungua na usaili utakuwa mwepesi zaidi. Siku ya usaili, mbali na somo la majaribio, msailiwa aulizwe data yake ya mwaka wa kwanza itatoka wapi, nani atampa ruhusa, na atailinda vipi endapo inahusu wagonjwa au wakulima wanaotajwa majina, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu watafiti pia. Majibu ya hapo hufichua mengi kuliko orodha ya machapisho.

Aliyepatikana asipokelewe kwa masomo matano na meza isiyo na kompyuta. Idara ikubaliane na uongozi mapema kwamba mhadhiri mpya wa utafiti atapunguziwa vipindi katika miaka miwili ya mwanzo, na kwamba seva, umeme wa akiba na intaneti vimetengewa fedha kwenye bajeti ile ile inayobeba mshahara wake. Na kwa kuwa wengi hukataa kuhamia Mbeya au Iringa kwa sababu wenza wao ni watumishi wa umma mahali pengine, ofisi ya utawala imsaidie kufuatilia maombi ya uhamisho wa mwenza tangu siku anapopewa barua ya ajira, asiachwe kuhangaika nayo peke yake baada ya kuripoti.